Nani anamngojea nyumbani? Nilichojifunza kwa msimu wa tano wa 24

Juma lililopita kijana mmoja wa Masaka aliniandikia. Ana mswada wa tamthilia ya ugaidi, vipindi kumi, na ana swali moja tu: bomu lilipuke katika kipindi cha ngapi? Nilisoma ujumbe wake mara mbili nikaweka simu kando. Swali hilohilo nililibeba mimi miaka mingi, na lilinila. Mwezi uliopita kampuni moja hapa Kampala ilikubali kupiga picha vipindi sita vya tamthilia yangu. Ndiyo, sita, na nalisema kwa fahari kwa sababu kuna walioacha hata kuniuliza kama bado naandika. Kwa hiyo naona nina haki ya kumjibu kijana huyu hadharani. Ninyi nanyi mnataka kuandika. Najua.

Nimezaliwa katika kambi ya polisi, Nsambya. Mzee wangu alikuwa sajenti. Watoto wa kambini walitoka Arua, Soroti, Kabale, Kitgum, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kuanzia foleni ya maji hadi mpira wa kavera, ile mifuko ya plastiki. Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa giza. Maji ya ziwa Victoria yalikuwa yameshuka, mitambo ya Jinja ikazalisha kidogo, tukawa tunapata umeme leo na kukosa kesho. Kibanda cha video cha jirani kilikuwa na jenereta. Kwa shilingi 300 uliketi ubaoni, ukamsikiliza vijei akifasiri kwa Kiluganda juu ya sauti za Wamarekani. Mwishoni mwa mwaka huo ndipo alipoleta msimu wa tano wa 24, tamthilia ya Marekani kuhusu kupambana na ugaidi.

Kwa asiyeijua, tamthilia ile inakwenda na saa. Kipindi kimoja ni saa moja ya siku, vipindi 24 na siku imekwisha. Msimu wa tano unaanza saa moja asubuhi, kwa hiyo kwetu sisi tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza, kipindi cha kwanza ni saa moja, cha pili saa mbili, cha tatu saa tatu. Vijei alilishika hilo mara moja. Alipotangaza "saa nne!" tulijua ni kipindi cha nne, na tulihisi kama siku ile ni siku yetu, kana kwamba Los Angeles iko ng'ambo ya Kibuli.

Ndani ya dakika chache za mwanzo David Palmer, rais mstaafu tuliyempenda tangu msimu wa kwanza, anapigwa risasi kupitia dirishani, nyumbani kwa ndugu yake. Hatujameza mate, Michelle Dessler analipuliwa na bomu la gari, na mumewe Tony Almeida anajeruhiwa vibaya. Watu waliinuka ubaoni. Mama aliyekuwa akikaanga chapati mlangoni aliuliza ni nani aliyekufa, na watu wanne wakamjibu kwa pamoja.

Nilitoka pale nikiamini nimefundishwa jambo moja: ua mapema, ua wengi. Nilikosea, na kosa hilo lilinigharimu ujana wangu wa uandishi.

Tazama vizuri kilichofanyika. Jack Bauer, shujaa wa tamthilia, amejificha katika jangwa la Mojave kwa jina la Frank Flynn, kibarua kwenye visima vya mafuta. Dunia inaamini amekufa. Wanaojua kwamba yu hai ni wanne tu: Palmer, Michelle, Tony na Chloe O'Brian, mwanamke wa kompyuta aliyefanya kazi naye. Asubuhi ile risasi na bomu vinawatafuta hao wanne. Haliuawi jina ovyo. Kila anayeanguka ni mlango unaofungwa mbele ya Jack, na sisi tunaotazama tunaijua milango hiyo mmoja mmoja.

Halafu kuna Edgar. Kipindi cha 12, saa kumi na mbili jioni, gesi ya sumu inaingizwa ndani ya CTU, ofisi yao ya kupambana na ugaidi. Waliowahi chumba kilichozibwa wamepona. Edgar Stiles, yule mnene mpole wa kompyuta, anatokea nje ya kioo, anamwona Chloe, anaita jina lake, anaanguka. Kila kipindi cha 24 huisha na ile saa yake ikidunda. Siku hiyo saa ilihesabu kimya. Na vijei wetu, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akifunga mdomo, hata busu alilifasiri, alinyamaza. Kibandani ikabaki sauti ya jenereta.

Sikubaliani na kila kitu cha msimu ule. Mateso yale ya mahabusu mzee wangu hakuyavumilia. Alikuja jioni moja, akaona, akatoka, na njiani akaniambia kwamba mtu akiumizwa husema lolote. Alikuwa askari kwa zaidi ya miaka ishirini. Mimi namwamini yeye kuliko mwandishi yeyote wa Marekani. Lakini adui wa msimu ule! Ni Rais Charles Logan mwenyewe, mwoga tuliyemdharau, na shahidi dhidi yake ni mkewe Martha, ambaye tangu asubuhi anasema kuna jambo halijakaa sawa na wote wanamfanya mwenda wazimu. Mwishoni ni ugomvi wake na mumewe, kinasa sauti kikiwa kimefichwa, unaomtoa Logan maneno kinywani. Gregory Itzin na Jean Smart waliicheza ndoa ile hadi ukaona aibu kutazama. Mwaka 2006 msimu huo ulichukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora, Kiefer Sutherland akapata ya mwigizaji bora na Jon Cassar ya uongozaji. Walistahili.

Mwaka 2011 niliandika mswada wangu wa kwanza. Kampala, siku moja, mabomu manne. Nilikuwa na nyaya, kompyuta, helikopta juu ya Nakasero, waziri msaliti. Prodyuza mmoja, simtaji, aliniita mezani mbele ya watu saba, akasoma ukurasa wa tisa kwa sauti, pale walipokufa watu hamsini, kisha akaniuliza: "Mmoja wao anaitwa nani?" Sikuwa na jina hata moja. Walicheka. Nilirudi Nsambya kwa miguu, na kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Kinachoniuma si kicheko peke yake. Jina nilikuwa nalo.

Tarehe 11 Julai 2010, Jumapili, Uhispania na Uholanzi zikicheza fainali ya Kombe la Dunia, magaidi walilipua mgahawa wa Ethiopian Village kule Kabalagala na uwanja wa raga wa Kyadondo, Lugogo. Waliuawa zaidi ya watu 70. Al-Shabaab walidai ni kisasi cha majeshi yetu kuwa Somalia. Kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, tuliyekaa naye ubao mmoja usiku wa Edgar, alikuwa Kyadondo. Mama yake alimfunikia chakula. Sahani ile ilikaa mezani siku tatu, hakuna aliyethubutu kuigusa. Mimi niliiona kwa macho yangu, na mwaka mmoja baadaye nikaketi kuandika juu ya mabomu ya Kampala na kuweka helikopta.

Miaka iliyofuata nairuka. Niliandika matangazo ya redio, nikaoa, mswada wa pili ukakataliwa.

Sasa ushauri, maana ndicho ulichokuja kutafuta. Kabla hujaua mtu kwenye karatasi, andika nani anamngojea nyumbani. Kabla hujaandika bomu, andika nani anamngojea. Ukimaliza kipindi cha kwanza, rudi nyuma utazame kama kila anayekufa ana anayemngojea, na kama hana, mwondoe, humhitaji. Adui usimtoe mbali. Mtoe ndani ya nyumba ambayo tumeshakunywa chai. Na yule anayesema kweli mapema, mpe mtu ambaye jamaa zake hawamsikilizi: mke, mtumishi, mtoto. Kwetu hapa wapo tele, na wewe unawajua kwa majina. Usiogope kimya pia. Waandishi wa Kampala tunaogopa kimya kama tunavyoogopa giza la 2006, tunajaza muziki kila pembe. Acheni, ndugu zangu! Watu wetu wamezika. Wanajua kimya kinavyokaa chumbani, na wakikiona kwenye skrini watakitambua bila ngoma. Tumepewa vifo vya kweli tuvitunze, nasi tunakwenda kuazima vya watu wa Los Angeles. Ni kosa mbele ya wafu wetu, na nalisema nikiwa nimelitenda.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Masaka, sijui bomu lako lilipuke lini. Niandikie kwanza jina la anayengojewa.

Kipindi changu cha kwanza hakina mlipuko. Kuna mama, simu isiyopokelewa, na televisheni ya jirani inayotangaza bao. Kabla ya kuupeleka kwenye kampuni nilikwenda na mswada kwa yule mama wa nyumba ya tatu, kwa sababu bila ruhusa yake nisingeupeleka popote. Alivaa miwani, akasoma kurasa tatu polepole, kidole kikifuata mistari. Nilikuwa nimeandika kwamba alifunika wali. Akaniambia, "Baba, haukuwa wali. Yalikuwa matoke na mchuzi wa karanga." Akanirudishia karatasi pamoja na kalamu, akangoja mpaka nimefuta.