Re: Ramani zinafanana na za Aprili 27, 2011, tuogope?

Mkuu, umeuliza kama modeli (utabiri wa kompyuta) ya wiki ijayo kufanana na siku ile tornado, yaani vimbunga vya nchi kavu, zilipoikumba Alabama, Marekani, ni dalili ya balaa lile lile. Si lazima. Kumbuka Mei 20, 2019: unyevu tele, upepo ukigeuka na kuongezeka kasi kadiri unavyopanda, Oklahoma ikawekwa hatari ya juu kabisa, hadi shule zikafungwa. Tornado zilitokea, ila maafa yaliyohofiwa hayakufika. Ramani haikuhakikishii kwamba mawingu ya radi yatasimama mojamoja, hali inayoleta tornado kali zaidi, badala ya kurundikana.

Na ile siku ya balaa la tornado Marekani mwaka 1974, tornado 148, hali yake ya hewa imejengwa upya kwa kompyuta kutoka vipimo vichache. Usiilinganishe namba kwa namba. Ramani ya siku sita mbele kwangu ni burudani tu. Subiri vipimo vya puto za hali ya hewa, zinazorushwa kupima hewa ya juu, asubuhi ya siku yenyewe.