Fangasi ukeni: mbona hawaishi?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 27. Mwaka huu pekee nimepata fangasi ukeni mara 3. Kila nikiwashwa nanunua kidonge kimoja cha flukonazoli, napata nafuu siku chache, halafu muwasho unarudi. Nimeshauriwa nijisafishe ndani kwa maji ya siki. Nifanye hivyo?

JIBU: Siki hapana, dada yangu. Ndani ya uke wanaishi bakteria walinzi wanaotengeneza asidi. Ukiwasukuma nje kwa siki au sabuni, unaharibu kinga hiyo na kuichubua ngozi, na muwasho unazidi. Uke hujisafisha wenyewe. Wewe osha nje tu, kwa maji.

Kabla ya kidonge cha 4, hakikisha kwanza kwamba ni fangasi kweli, maana wengi wanaojitibu fangasi wana tatizo lingine kabisa. Fangasi, hasa Candida albicans, huleta muwasho mkali, wekundu na uvimbe kwenye mashavu ya uke, ute mzito mweupe kama maziwa mgando, na mkojo unaochoma unapogusa ngozi iliyochubuka. Harufu mbaya si dalili yake. Ute mwepesi wa kijivu wenye shombo ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, ni dalili ya vajinosisi ya bakteria, yaani bakteria wabaya kuzidi wale walinzi. Ukiwa wa njano au kijani na una povu, tunashuku trikomona, kimelea cha ugonjwa wa zinaa. Hayo mawili hutibiwa kwa dawa kama metronidazoli, flukonazoli haiyagusi. Antibiotiki nazo haziui fangasi, na mara nyingi ndizo zinazowapa nafasi kwa kuua wale bakteria walinzi.

Kipimo hakichukui muda. Mhudumu anachukua ute kwa kijiti cha pamba na kupima asidi kwa karatasi: kwa fangasi, pH (kipimo cha ukali wa asidi) kwa kawaida haivuki 4.5. Kisha anadondoshea ute tone la potasiamu haidroksaidi, linaloyeyusha seli za mwili na kuacha nyuzi za fangasi zionekane kwenye hadubini.

Fangasi wakithibitika, kwa mtu aliyeugua mara 3 ndani ya mwaka dozi moja haitoshi. Utaratibu uliozoeleka ni flukonazoli miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha miligramu 150 kila wiki kwa miezi 6. Aiandike daktari, kwa sababu dawa hii hugongana na nyingine, mojawapo wafarini ya kuzuia damu kuganda. Omba pia ute uoteshwe maabara: aina nyingine ya fangasi, Candida glabrata, mara nyingi haisikii flukonazoli. Na upime sukari na VVU. Sukari ikiwa juu, fangasi watarudi hata umeze nini.

Chupi ya pamba, na kubadili nguo zilizolowa jasho au maji, husaidia. Kitunguu saumu ukeni kinaunguza, kiache.

SWALI: Nina mimba ya miezi 5 na nawashwa sana. Duka la dawa wamenipa flukonazoli. Nimeze?

JIBU: Usimeze, mama. Nenda kliniki wakupime. Wakikuta fangasi, dawa yako ni ya kuweka ukeni, kwa mfano klotrimazoli miligramu 100 kila usiku kwa siku 7. Nawa mikono, lala chali, kunja magoti, kisha sukuma kidonge taratibu kwa kidole, bila kutumia nguvu. Weka wakati wa kulala, kwani ukitembea dawa hutiririka. Vaa pedi, si tamponi. Wengi huacha dawa mara muwasho unapotulia, na fangasi waliobaki huanza upya. Maliza siku zote 7. Ukiona damu, au ukipata homa au maumivu ya tumbo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Mume wangu anasema fangasi wangu ni ushahidi kwamba nina mwanamume mwingine. Ni kweli? Na yeye atibiwe?

JIBU: Si kweli, na mwonyeshe jibu hili. Fangasi hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa: wanawake wengi wanao mwilini bila dalili, hata ambao hawajawahi kujamiiana. Mume atibiwe iwapo tu ana muwasho au wekundu kwenye kichwa cha uume. Mkitumia kondomu za mpira, jueni kwamba krimu na vidonge vingi vya ukeni huzidhoofisha, hivyo ahirisheni tendo mpaka dozi iishe na siku chache zipite.