Kikundi cha maombi cha madhehebu mchanganyiko: mabishano yanaanzia wapi na yazuiwe vipi

Mkuu umeuliza ufanyeje na kikundi chenu cha maombi cha kazini. Mna Wakatoliki, Walutheri, Wabaptisti, Wasabato na Wapentekoste, na kila mkikutana mnaishia kuitana waabudu sanamu na manabii wa uongo. Nimeratibu vikundi vya namna hii kwa muda mrefu. Ushauri wangu: usianze kwa kuwahubiria umoja. Tengeneza ratiba kwanza, kisha wekeni sheria moja ya kubishana.

Ugomvi mwingi huanzia kwa anayechagua andiko, maana kila mtu huja na mstari wa kumpigia mwenzake. Mwondoleeni nafasi hiyo. Chukueni kitabu kimoja mkifuate mwanzo hadi mwisho. Marko anafaa: sura 16, nusu sura kwa juma, basi mna kazi ya majuma 32. Anayeongoza neno atoke dhehebu tofauti kila juma. Kama mna saa nzima, dakika 10 ziwe za nyimbo, 25 za neno, 20 za maombi, 5 za matangazo. Msikutane kati ya jua kuzama Ijumaa na jua kuzama Jumamosi, kwa kuwa Msabato yuko kwenye Sabato yake. Meza ya Bwana msiiweke kabisa. Mkatoliki anayekataa kushiriki hana kiburi. Kwa kanisa lake, kushiriki meza moja ni kutangaza umoja ambao bado haujakamilika.

Kunena kwa lugha kunahitaji uangalifu. 1 Wakorintho 14:27-28 inataka wawili au wasiozidi watatu, kwa zamu, na awepo wa kufasiri. Lakini Wapentekoste wengi hutofautisha ujumbe wa lugha kwa kusanyiko na maombi ya mtu binafsi, hivyo ukiwasomea mistari hiyo tu watakujibu kwamba haiwahusu. Kubalianeni mapema: maombi ya binafsi kwa sauti ya chini, ya pamoja kwa lugha ambayo wote wanaielewa.

Sasa sheria yenyewe: hakuna kupinga fundisho la mwenzako kabla hujalieleza, na yeye akakiri kwamba ndivyo wanavyoamini. Inaonekana ndogo, ila hapo ndipo watu hukwama. Mkatoliki atakwambia kanisa lake linatofautisha heshima inayotolewa kwa picha takatifu na ibada inayompasa Mungu peke yake, na kwamba Mtaguso wa pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulilisema hilo mwaka 787. Mlokole bado anaweza kusema kwamba kwa waumini wa kawaida mpaka huo hauonekani. Hiyo ni hoja, ina majibu. "Unaabudu sanamu" ni hukumu, na baada ya hukumu hakuna anayesikiliza.

Kauli za kurithi nazo zikaguliwe, kwa sababu kila upande unazo. Waprotestanti husema Roma iliongeza vitabu kwenye Biblia katika Mtaguso wa Trento mwaka 1546. Lakini Tobiti, Yudithi na Makabayo, ambavyo ni kati ya vitabu hivyo, vimo kwenye orodha ya Mtaguso wa Karthago wa mwaka 397. Wakatoliki nao husema Luther alivitupa. Biblia yake ya 1534 ilikuwa navyo, kavitenga kundi la pekee, akisema havilingani na Maandiko ila vyafaa kusomwa. Wapo pia wanaodai Konstantino, kaisari wa Roma, ndiye aliyeanzisha ibada ya Jumapili. Sheria yake ya kupumzika Jumapili ni ya mwaka 321, na Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa kale, alikwisha kuieleza ibada hiyo katikati ya karne ya pili. Msabato makini ana hoja nzito kuliko hiyo, mpeni nafasi aitoe.

Ubatizo ndio unaoumiza kuliko yote. Kanisa Katoliki halimbatizi upya Mlutheri anayehamia kwao, kwa kuwa alibatizwa kwa maji kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mbaptisti hufanya tofauti: kwake ubatizo hufuata imani, hivyo aliyebatizwa akiwa mchanga hajabatizwa bado. Aliyekulia kwenye ubatizo wa watoto husikia hapo kwamba Ukristo wake wote umefutwa. Mwambieni Mbaptisti ajue uzito wa anachosema, naye mwenzake ajue kwamba watu walikufa kwa ajili ya imani hiyo. Felix Manz, aliyebatiza upya watu wazima, alizamishwa katika mto Limmat, Zürich, mwaka 1527, kwa amri ya Waprotestanti wenzake. Mwaka 2010, huko Stuttgart, Shirikisho la Walutheri Duniani liliwaomba Wamenno, warithi wa imani ya kina Manz, msamaha kwa mateso ya zama zile. Someni habari hizo pamoja kabla ya kugusa mada hii.

Mambo mawili msiyavumilie. Kumvuta mtu kanisani kwako akiwa na msiba au mgonjwa ni kumwinda. Mwalike mara moja, hadharani, basi. Na anayemwambia mgonjwa aache dawa anyamazishwe siku hiyohiyo, hata kama wanaomuunga mkono ni wengi. Hilo halihusu dhehebu, ni uhai wa mtu.

Kwa yule aliyekwisha kuondoka kwa hasira, msimwandikie kwenye kundi la simu. Waende wawili, mmoja wa kanisa lake na mmoja wa upande uliomkosea. Huyu wa pili ndiye aanze kuongea, na aombe radhi kwa neno lililosemwa, bila kufungua tena mjadala wa fundisho.