Dar hadi Kigali kwa ndege: zisome vizuri saa za kwenye tiketi

Dada yangu ameolewa Kigali, kwa hiyo safari hii nimeizoea. Kila ninapomkatia mtu wa nyumbani tiketi, swali ni lilelile: "Mbona inaondoka Dar saa 4:00 asubuhi, Kigali inafika saa 4:40? Dakika arobaini tu?" Akiangalia ya kurudi anakuta safari ya karibu saa tatu, anadhani ndege inapitia mahali.

Haipiti popote. Saa ya kuondoka ni ya Dar, ya kufika ni ya Kigali, na Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Safari yenyewe ni kama saa 1 na dakika 40, kwenda na kurudi. Ukitaka kuhakikisha, anza na umbali: ukipiga mstari ulionyooka, Dar na Kigali zimeachana takriban kilomita 1,140. Jeti ikishatulia angani hukimbia karibu kilomita 800 kwa saa; ongeza muda wa kupanda, kushuka na kuzunguka uwanjani. Pangaboi huchukua muda zaidi, hivyo angalia umepangiwa ndege ya aina gani. Kwa basi, kupitia Dodoma, Singida na Kahama, ni zaidi ya kilomita 1,400, na pale Rusumo ukishavuka daraja la mto Kagera, saa inarudi nyuma.

Kinachotuponza ni kwamba Wanyarwanda nao huhesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Dada akisema tutakula saa saba, sikio halishtuki kabisa, kumbe Dar ni saa nane.

Mimi nilipatikana wakati wa kurudi. Nilikaa Kigali wiki mbili, saa ya mkononi nikairudisha nyuma. Siku ya nne kabla ya kuondoka tukapata msiba, baba mdogo amefariki Mwanza. Nikakata tiketi nyingine, Dar hadi Mwanza, saa 8:30 mchana, siku ileile ya kutua. Mazishi yalikuwa saa 10:30 jioni.

Nilitua Dar, simu imezima chaji. Nikaketi nje ya Jengo la Tatu la uwanja, la safari za nje, na chai na chapati mbili, maana tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu tumboni. Saa mkononi ilisema saa 7 kasoro robo. Nilikunywa chai ile taratibu, nikimuwaza baba mdogo. Nilipofika Jengo la Pili, la safari za ndani, dada wa kaunta alitazama tiketi, akatazama ukutani, akaniambia kwa upole, "Tumeshafunga, dada. Sasa hivi ni saa 8 na dakika 10." Niliingia Mwanza kesho yake asubuhi, turubai zinakunjwa.

Kwa hiyo ukitoka Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi, sogeza saa mbele kabla hujafunga mkanda wa kiti. Kampala na Nairobi hazina shida, saa zao ni zetu. Kama unaunganisha ndege, omba safari zote ziwe kwenye tiketi moja, ili ya kwanza ikichelewa wao ndio wakutafutie nyingine. Ikishindikana, acha nafasi ya saa nne kati ya ndege na ndege: kuna uhamiaji, kuna mizigo, na kuna kuhama jengo. Na anayekuja kukupokea mwambie hivi: "Nafika saa 6 mchana, saa za Dar."