Inywe kwa ladha, vidonge usiviache

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama chai ya kuchachusha nyumbani, yaani kombucha, inaponya kama inavyosifiwa. Hakuna aliyethibitisha hivyo. Nayasema haya nikiwa mtu anayeipenda, anayeitengeneza jikoni kwake na kuwagawia majirani.

Ukijua kinachotokea ndani ya mtungi, sifa nyingi zinapungua zenyewe. Unapika chai ya rangi, unatia sukari gramu 70 hadi 100 kwa kila lita, unaiacha ipoe kabisa, kisha unaongeza chai kidogo iliyokwisha kuchacha pamoja na ule utando mnene. Wengi huuita uyoga, lakini si uyoga. Ni selulosi inayotengenezwa na bakteria, na ndani yake bakteria na hamira wanaishi pamoja. Hamira inaila sukari na kutoa pombe na gesi. Bakteria wanaigeuza pombe hiyo kuwa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Katika joto la Tanga au Mombasa wiki moja inaweza kutosha. Kwenye baridi ya Njombe itabidi usubiri zaidi. Ukiisahau, utakuta siki.

Basi ni chai yenye asidi, sukari iliyopungua bila kwisha, na vijidudu hai. Kutoka hapo hadi kusema inasafisha ini, inashusha presha na kuua saratani ni safari ndefu, na wauzaji wanairuka yote. Mwaka 2003 mtafiti Edzard Ernst wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, alitafuta majaribio ya kitabibu yaliyofanywa kwa binadamu, hakupata hata moja. Ilipofika 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio dogo: watu 12 wenye kisukari aina ya pili walikunywa mililita 240 kwa siku kwa wiki 4, na wastani wa sukari yao kabla ya kula ukashuka kutoka kama milimoli 9.1 hadi 6.4 kwa lita ya damu. Nilifurahi kusoma habari hiyo. Lakini ni watu 12, kwa mwezi mmoja, tena walikunywa kombucha ya kiwandani, ambayo si hii ya mtungi wangu wala wako. Anayemwambia mgonjwa aache metformin, dawa ya kisukari, kwa sababu ya kinywaji hiki anayaweka rehani macho, figo na miguu ya mtu. Jambo hili linanikera kwa dhati, kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo unazunguka kwenye simu za wazee wetu kila siku.

Na kama ni faida ya vitu vilivyochachushwa, mbona togwa, uji wetu wa nafaka uliochachushwa, haisifiwi? Hapa hapa Tanzania, katika miaka ya 1990, watafiti Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walifuatilia watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa, wakaona kwamba waliharisha mara chache kuliko wenzao waliokula uji wa kawaida. Asidi inayotokana na kuchacha inazuia vimelea vya kuhara visistawi. Huo ni ushahidi uliopatikana kwa watoto wetu, kwa chakula cha bei ndogo ambacho bibi yeyote wa Songea anajua kukitengeneza. Ningependa kuona vijana wanaolipa pesa nyingi kwa chupa ya kombucha wakiiheshimu togwa kiasi hicho.

Kwa atakayejaribu nyumbani, tafadhali awe mwangalifu. Mwaka 1995 katika jimbo la Iowa, Marekani, wanawake wawili waliokuwa wakiinywa kila siku waliugua ghafla, damu yao ikazidi asidi, na mmoja akafariki. Uchunguzi haukuthibitisha kwamba kombucha ndiyo chanzo. Mamlaka za afya za huko zilisema kama mililita 120 kwa siku huenda zisimdhuru mtu mwenye afya njema. Mimi sizidishi hapo. Tumia mtungi wa kioo, kamwe usitumie chombo cha udongo kilichopakwa rangi ya kung'aa, maana asidi inaweza kutoa madini ya risasi kwenye rangi hiyo. Funika kwa kitambaa safi. Ukungu wa kijani au mweusi ukiota juu, mwaga yote, na utando wenyewe utupe.

Mjamzito, mtoto mdogo na mwenye kinga dhaifu wasipewe. Tena, anayejiepusha na pombe, kwa dini au kwa sababu aliacha ulevi, aelezwe wazi kwamba pombe imo. Ya dukani kwa kawaida hudhibitiwa isifike asilimia 0.5, ila ya nyumbani huweza kupita hapo, hasa ikitiwa matunda na kufungwa kwenye chupa kwa siku kadhaa. Mgeni wangu akifika namwambia kabla sijamimina.

Msomaji wenu, Morogoro