Jibu: Gereza limenirudisha getini, utafiti wangu wa mahabusu nifanyeje?

Mkuu, salaam kutoka Lindi. Umesema unataka kuwa mwalimu wa sheria anayechunguza mahakama na magereza, ukaenda gereza la Lilungu hapo Mtwara na barua ya chuo, ukarudishwa getini. Angalia kwanza barua imeelekezwa kwa nani. Kibali changu kilitoka kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, Dodoma, siyo kwa mkuu wa gereza.

Ila usikae kusubiri. Anzia mahakamani, kesi husikilizwa mbele ya watu. Soma orodha ya kesi ubaoni, kaa benchi la nyuma na daftari. Karandinga linashusha mahabusu, jina linaitwa, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika, hakimu anataja tarehe nyingine, kijana anarudishwa rumande. Andika kosa gani, dhamana ipo au haipo, imeahirishwa mara ya ngapi. Benchi lile limenifundisha kuliko darasa, na inaniuma kila nikiona mama katoka Mchinga na nauli ya kuazima kwa ajili ya dakika mbili hizo. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka hatia ithibitike. Swali lako la utafiti liko hapo hapo.

Kisha ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure. Soma hukumu ya Daudi Pete ya 1991, Mahakama ya Rufani ilipobatilisha kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilichonyima dhamana, halafu ya Dickson Sanga ya 2020, mahakama hiyo hiyo ilipokubali kifungu cha 148(5) kibaki. Zisome zote mbili kabla hujaandika pendekezo la utafiti, msimamizi atakuuliza.