Shangazi, riwaya imenifanya nitake kuvua jezi

*Shikamoo Shangazi. Niko kidato cha tatu hapa Nachingwea, na ni golikipa wa timu ya shule. Mwalimu wa Kiingereza ametupa riwaya ya vijana ya Marekani. Inamhusu kijana anayecheza mpira wa kikapu kwa sababu baba yake anataka. Nilipofika pale baba anapomfokea ndani ya gari baada ya kufungwa, nililia. Baba yangu kila mechi husimama nyuma ya goli langu, ananielekeza mwanzo mpaka mwisho. Yeye ndiye aliyeanza kuniita Kaseja, sasa wote wananiita hivyo. Fedha za korosho zilipoingia mwaka jana, kitu cha kwanza alichonunua ni glavu zangu. Asubuhi za kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, dada ndiye anayekwenda naye shamba, ili mimi nifanye mazoezi. Mwisho wa kitabu yule kijana anavua jezi katikati ya fainali na kuondoka. Nataka nifanye hivyohivyo kwenye mechi za kuchagua timu ya wilaya ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari. Raha yangu ni jioni tu, tukiwa watatu uwanjani kabla baba hajatoka shamba. Halafu mwalimu anataka ukurasa mmoja, tusome mbele ya darasa jinsi kitabu kilivyotugusa. Nimeandika mara tatu, nikachana. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika si jezi wala fainali. Ni ile sentensi ya jioni, mkiwa watatu uwanjani. Umeitaja kwa haraka kama jambo dogo. Mimi naona ndiyo barua yenyewe.

Hebu kifungue tena kitabu, utafute kitu kimoja. Yule kijana aliwahi kushika mpira mwenyewe, bila kuitwa na mtu, bila kutazamwa, akafurahi? Ukiupata ukurasa huo nitakubali nimekosea. Lakini kwa ulivyonisimulia, yeye mchezo wenyewe ulikuwa wa baba yake, kwa hiyo alipovua jezi hakupoteza chake. Wewe goli unalipenda. Kilichokuchosha ni sauti iliyo nyuma ya nyavu. Ukiondoka uwanjani siku hiyo mbele ya watu, utaikimbia sauti na goli litapotea pamoja nayo. Kesho yake jioni utawasikia wenzako wanapiga mpira, wewe umejifungia ndani.

Tena yule kijana kitabu chake kilifungwa pale alipotoka. Wewe utatoka, utarudi nyumbani kwa njia ileile, na usiku utanawa mikono kula na baba yako.

Baba yako simjui, ila watu wa rika lake nimeishi nao. Mwaka 2003 Simba iliitoa Zamalek ya Misri kwa penalti kulekule Cairo, Juma Kaseja akiwa golini. Wewe hujazaliwa. Tuliokuwepo tunakumbuka jinsi jina lile lilivyoingia kila nyumba. Kisha msimu wa 2020/21 Namungo ya Ruangwa, majirani zenu hao, ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mzazi wa kusini aliyeyaona yote mawili, kisha akamwona mwanawe anadaka mipira, ataota tu. Naielewa ndoto yake. Kusimama pale nyuma ya goli, hapana, anakosea. Kipa anayeelekezwa kila dakika huchelewa kutoka kufuata krosi, maana anangoja kuambiwa. Kocha wenu lazima ameliona hilo, muulize.

Na glavu zile, mwanangu, si deni. Naona zinakuuma, ndiyo maana umezitaja. Baba amekununulia kwa mapenzi, nawe unaruhusiwa kuzipenda na bado ukamwambia kuna kitu kinakuumiza.

Umwambieje? Huku kwetu mjomba ana neno lake, na ni zito. Kama kaka wa mama yako yupo karibu, mwendee kwanza, mweleze kama ulivyonieleza mimi. Asikusemee yote, afungue njia tu. Kisha asubuhi moja ya salfa omba wewe uende shamba badala ya dada, ambaye naye amekubebea zamu zako kimya kimya, mshukuru. Funga kitambaa puani. Mkishazima mashine, mmekaa chini ya mkorosho mnapumzika, hakuna mechi, hakuna mashabiki, ndipo useme. Usiseme nataka kuacha. Sema: "Baba, mechi ijayo naomba ukae pembeni pamoja na wazazi wengine, usisimame nyuma yangu. Nataka nijaribu kudaka bila kuelekezwa." Ni ombi dogo, anaweza kulitimiza siku hiyohiyo. Akikasirika, nyamaza, mwachie mjomba amalizie.

Kama atakaa pembeni na bado ukajikuta hutaki, basi waambie kocha na baba kabla timu haijapangwa, ili mwenzako apate nafasi ya kujiandaa. Hapo hata mimi nitakuwa upande wako.

Sasa ukurasa wa mwalimu. Nadhani ulichana kwa sababu ulikuwa unaandika mambo ya baba yako, na yale si ya darasa zima kuyasikia. Hayo yaandike kwenye daftari lako mwenyewe, hata kurasa kumi. Ukurasa wa darasani uwe na tukio moja tu, lile la ndani ya gari. Baba kashika usukani, kijana anatazama dirishani. Nani anasema nini, nani ananyamaza, na wewe ulisimama kusoma kwenye neno lipi. Ukifika hapo sema tu kwamba ulifunga kitabu ukatoka nje. Mwalimu aliyewahi kuguswa na kitabu hatauliza zaidi. Na kama unaogopa sauti itakukatika mbele ya wenzako, mwendee mapema umwombe umkabidhi karatasi bila kuisoma. Wanafunzi huomba hivyo, wala si aibu.

Tena glavu zako usizianike juani, zitapasuka. Ziweke kivulini.